Mgeni Siku ya Tatu: Bima ya Afya kwa Jirani Aliyevuka Mpaka

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani.)



Kwanza natoa shukrani zangu za dhati kwa Halmashauri ya Chama kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu. Katibu alinitaka nichague jambo moja ninalolijua, nilieleze kwa lugha nyepesi, na nisiwazuie kwenda kula. Nitajitahidi kutimiza masharti yote matatu.

Mimi si daktari wala wakili. Tangu nilipomaliza kidato cha nne hapa mwaka 1981 hadi nilipostaafu, kazi yangu ilikuwa hesabu za hospitali, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeketi nyuma ya dirisha la malipo mjini Nairobi. Daktari humwona mtu anapoumwa; karani wa malipo humwona anapoulizwa atalipa nini. Kwa hiyo nimechagua kuzungumza juu ya bima ya afya, na hasa bima ambayo mkimbizi na mwomba hifadhi wanaweza kuimudu.

Huenda mwanachama mmoja anajiuliza, mambo ya wakimbizi yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Nchi yetu ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wako Dadaab, kambi iliyoanza mwaka 1991, na Kakuma, iliyoanza mwaka 1992. Lakini zaidi ya laki moja wanaishi mijini pamoja nasi. Wanapanga nyumba Eastleigh, Kayole na Kitengela, wanauza vitenge, wanashona, wananyoa, wanafundisha. Na katika shule hii yetu wamo wanafunzi ambao wazazi wao walivuka mpaka usiku wakiwa na mtoto mgongoni. Wanavaa sare ile ile na wanakula maharagwe yale yale tuliyoyalalamikia sisi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hupenda kuitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu. Lakini tuisikilize vizuri. Methali haisemi siku ya tatu mfukuze, wala haisemi uendelee kumlisha hadi uchoke. Yasema mpe jembe, yaani mpe nafasi ya kuchangia shamba ambalo na yeye atakula mazao yake. Bima ya afya ni jembe la namna hiyo, na hoja yangu leo ni kwamba mkimbizi hatuombi tumtibu bure milele. Anachoomba ni kuruhusiwa kuchangia katika mfuko mmoja na sisi, kwa kiasi na kwa utaratibu unaowezekana kwa mtu wa kipato chake.

Ndugu wanafunzi, yafaa niwaeleze kwanza bima ni kitu gani, maana watu wengi huitaja bila kujua inavyofanya kazi. Tuchukue mfano. Jamaa 1,000, yaani nyumba elfu moja, kila moja inatoa shilingi 3,600 kwa mwaka. Mfuko una shilingi 3,600,000. Mwaka huo nyumba 60 zinapata mgonjwa wa kulazwa, na kila mmoja anagharimu shilingi 50,000. Jumla ni 3,000,000. Mfuko umelipa wote, na kimebaki kitu cha kuendeshea ofisi. Sasa fikirini kwamba zile nyumba 940 zenye afya zimekataa kujiunga, zikabaki zile 60 tu zenye wagonjwa. Mfuko utakuwa na shilingi 216,000, na deni ni lile lile la milioni tatu. Hapo hapana bima tena.

Ndiyo kusema, adui wa bima si wingi wa watu. Adui wake ni watu kungoja mpaka waugue ndipo wajiunge. Mfuko wapenda wengi, wapenda vijana, na wapenda wanaolipa kabla ya homa. Wakimbizi wengi ni vijana na watoto. Anayesema tusiwaingize kwa sababu watatumaliza, hesabu yake ameianzia upande usio wake.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wazee wenzangu mnakumbuka kwamba tangu mwaka 1965 matibabu ya wagonjwa wa nje katika hospitali za serikali yalikuwa bila malipo, mpaka mwaka 1989 ulipoanza mpango wa kuchangia gharama. Mimi nilikuwa kazini. Nilishuhudia foleni ikipungua kwa wiki kadhaa, na haikuwa kwamba watu wamepona.

Kabla ya hapo, mwaka 1966, Bunge lilianzisha Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, ile NHIF tuliyoizoea. Mwanzoni ilikuwa ya wafanyakazi wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi, na mshahara huo wakati ule ulikuwa wa mtu mkubwa. Mchuuzi na fundi wa juakali walikuwa nje. Mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa wanaotaka kujiunga kwa hiari. Kumbe mfuko huu umekua kwa kuwaingiza, kundi baada ya kundi, wale walioambiwa mwanzoni kwamba si wao.

Na mwaka huo huo wa 1966, Kenya iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Kifungu cha 24 cha mkataba huo chasema kwamba mkimbizi anayekaa nchini kihalali atendewe sawa na raia katika mambo ya kazi na hifadhi ya jamii, na ugonjwa umetajwa humo. Kwa hiyo bima yetu na ahadi yetu kwa mkimbizi ni watoto wa mwaka mmoja. Bahati mbaya walikua bila kukutana karibu miaka hamsini. Ilikuwa mwaka 2014 ndipo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilipoanza kuandikisha jamaa za wakimbizi wa mijini katika NHIF.

Bwana Mwenyekiti, niruhusu nieleze kisa kimoja ili hesabu hizi zipate sura. Miaka michache baada ya mpango huo kuanza, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, walilazwa watoto wawili katika wodi moja, wote wawili wakiugua homa ya mapafu. Mama wa kwanza ni raia, muuza mboga. Mama wa pili alitoka Kongo, muuza vitenge. Waliishi mtaa mmoja na walifahamiana. Mama wa kwanza alitoa kadi ya NHIF, akatia sahihi, akaondoka na mtoto wake. Mama wa pili alikuwa na karatasi ya mwomba hifadhi tu. Kitambulisho cha mkimbizi alikuwa akikingoja, na bila kitambulisho hakupata kuandikishwa. Hesabu yake ilifika shilingi 32,000.

Mtoto alipona, daktari akaandika aende nyumbani, lakini alikaa siku tatu zaidi kwa sababu ya deni. Mahakama Kuu ilikwisha kuamua mwaka 2015 kwamba kumzuia mgonjwa hospitalini kwa ajili ya deni ni kinyume cha sheria. Hata hivyo yalifanyika. Mwishowe mama alikubaliwa kulipa kidogo kidogo, na mimi ndiye niliyempokea dirishani. Kila mwezi alileta shilingi 2,000. Hakukosa hata mwezi mmoja, na baada ya miezi 16 nikamwandikia stakabadhi ya mwisho.

Wakati ule mchango wa NHIF kwa mtu asiyeajiriwa ulikuwa shilingi 500 kwa mwezi, nao ulifunika mume, mke na watoto. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa miezi 16 angelipa shilingi 8,000, na nyumba nzima ingekuwa na kinga. Badala yake alilipa mara nne, kwa ugonjwa mmoja wa mtoto mmoja. Mtu aliyeweza kulipa deni la 2,000 kila mwezi bila kukosa, nani atasema angeshindwa na mchango wa 500? Umaskini haukumzuia kuingia katika bima. Kilichomzuia ni karatasi.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno nafuu lina milango mitatu, na mmoja ukifungwa, ile miwili iliyo wazi haina faida.

Mlango wa kwanza ni karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilipanua haki za mkimbizi, nayo ni sheria nzuri. Lakini baina ya mtu kuomba hifadhi na kukabidhiwa kitambulisho hupita miezi, na kwa wengine miaka. Ugonjwa haungoji muhuri. Ninyi wanafunzi mna mfano wa karibu. Kuanzia mwaka 2018 hadi mwisho wa mwaka 2023 serikali ilikuwa na mpango wa EduAfya, uliowalipia matibabu wanafunzi wa sekondari za serikali kwa kutumia orodha ya Wizara ya Elimu. Mpango ulikuwa mzuri, lakini mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipata taabu kuingia katika orodha, na asiye katika orodha hakuwa na bima. Mabweni ni mamoja, malaria ni ile ile, lakini mmoja ana kinga na mwenzake hana.

Mlango wa pili ni kiasi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF imeondoka na mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba, lakini haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Asilimia hiyo yaonekana kuwa sawa kwa wote. Lakini mtu anayepata shilingi 6,000 kwa mwezi, akitoa 300 ametoa asilimia tano. Kwa kweli kila mwenye kipato kisichofika kama shilingi 10,900 anatoa zaidi ya asilimia 2.75, na raia wengi wako humo pamoja na wakimbizi. Sisemi shilingi 300 ni nyingi kupita kiasi. Nasema tujue nani anabeba mzigo mkubwa kwa kulinganisha na mabega yake.

Mlango wa tatu ni wakati, na huu ndio watu wengi hawauoni. Mtu asiyeajiriwa hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Shilingi 300 mara 12 ni 3,600. Muuza vitenge anaweza kutoa 300 kila mwezi, hata 100 kila wiki. Kutoa 3,600 kwa siku moja ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu kodi ya nyumba nayo inangoja. Serikali imeliona jambo hili, na mwaka 2025 ulianzishwa mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, wa mtu kukopeshwa mchango wake na kuurudisha kidogo kidogo. Ni hatua njema. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba kikubali haba.

Tuwatazame majirani. Rwanda ilianza kujaribu bima yake ya jamii mwaka 1999 katika wilaya tatu, kisha ikaieneza nchi nzima. Kanuni yake moja ni ya busara sana: nyumba hujiunga yote, si baba peke yake kwa kuwa anakohoa. Mwaka 2019 Rwanda ilikubaliana na UNHCR kuwaingiza katika bima hiyo wakimbizi wa mijini, pamoja na wanafunzi wakimbizi wanaosoma nje ya kambi. Hawakutengenezewa mfuko wa kando. Walipewa kadi kama ya raia, kwa mchango wa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Akienda kituo cha afya mgonjwa alichangia faranga 200, na hospitalini asilimia 10 ya gharama. Kwa nyumba ya watu watano mchango huo ulikuwa faranga 15,000, ambazo hazifiki shilingi 2,000 za kwetu. Rwanda si nchi tajiri kuliko Kenya. Basi jambo hili lawezekana.

Sasa nijibu maswali mawili ambayo nayaona machoni penu.

La kwanza: je, raia wenyewe wote wana bima, hata tuwafikirie wageni? Hapana, wote hawana, na SHA ina matatizo yake. Tumesikia malalamiko ya hospitali zinazocheleweshewa malipo. Lakini mkimbizi anayelipa mchango hachukui nafasi ya raia. Anaongeza shilingi zake katika mfuko. Anayeuumiza mfuko ni yule asiye na kadi, anayeletwa usiku wa manane katika hali mbaya, anatibiwa kwa sababu hakuna daktari atakayemwacha afe, na hesabu yake hailipwi na mtu. Hesabu ile haipotei, wanachama. Mimi nilikuwa mwandishi wa vitabu hivyo. Inafutwa upande mmoja, na upande wa pili bei ya kitanda inapanda kwa kila mtu.

La pili: si kuna mashirika ya kuwatunza? Yapo, nayo yamefanya kazi kubwa. Kambini mgonjwa hatoi pesa, kwa kuwa wafadhili wamekwisha lipa. Lakini mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha na kukata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yakalazimika kupunguza huduma na wafanyakazi. Mtu wa Kakuma aliyetegemea zahanati ya mfadhili alijifunza kwamba afya ya mwanawe inaamuliwa na kura iliyopigwa nchi asiyoijua. Mwenye kadi ya bima ya nchi anayokaa, aliyoilipia kwa jasho lake, anasimama juu ya ardhi iliyo ngumu kidogo. Sisemi misaada ikome leo. Wako wazee, yatima na wagonjwa ambao hawataweza kulipa hata senti, raia kwa mkimbizi, na hao hapana budi walipiwe. Nasema anayeweza jembe asinyimwe jembe.

Bwana Mwenyekiti, si desturi ya chama hiki kusikiliza hotuba na kupiga makofi kisha mambo yakaishia hapo. Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, wanachama wenye biashara na viwanda. Ikiwa umemwajiri mkimbizi mwenye hati zake, mwandike rasmi, ukate asilimia 2.75 ya mshahara wake na kuipeleka SHA kama unavyofanya kwa wengine. Kumlipa mkononi ili ukwepe karatasi ni kumwacha bila kinga, na siku akianguka kazini utakayemwita ni mimi karani.

Pili, wanachama mawakili na watumishi wa serikali. Kitambulisho cha mkimbizi sasa kinakubaliwa katika kujiandikisha SHA, na aliyejiandikisha hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali kwa mfuko wa afya ya msingi, hata kabla ya kulipa mchango wa hospitali. Wazazi wengi hawalijui hilo. Jumamosi moja kila muhula, mkiketi hapa shuleni na kuwasaidia wazazi kujaza fomu na kufuatilia hati zilizochelewa, mtafungua ule mlango wa kwanza. Nanyi wanafunzi mnaojua Kisomali, Kinyarwanda, Kirundi au Kifaransa, hapo mtakuwa walimu wetu.

Tatu, chama chenyewe. Napendekeza tutenge shilingi 72,000. Fedha hizo zatosha kuwalipia wazazi 20 mchango wa mwaka mmoja wa shilingi 3,600, kwa mkopo usio na riba, nao warudishe shilingi 300 kila mwezi. Mwaka ukiisha fedha zimerudi, na zitatumika tena. Wazazi hao wachaguliwe na Mwalimu Mkuu kwa kuangalia shida, si pasipoti. Raia na mkimbizi wakae katika orodha moja. Si sadaka hii. Ni ile harambee tuliyolelewa nayo, ila safari hii tunachanga kabla ya msiba na si baada yake.

Wenzangu, sisi tuliosoma hapa tulifundishwa kuulizana maswali mawili tu jioni ya kwanza bwenini: jina lako nani, na kitanda chako kipi? Hakuna aliyeuliza baba yako alivuka mto gani. Wanafunzi wa leo wanaendelea kuishi hivyo, na mimi nawapongeza. Kazi yetu wakubwa ni kuhakikisha kwamba mmoja wao akiugua usiku, mlinzi wa zamu aulize tu anaumwa wapi, na gari liondoke.

Naomba Halmashauri iyajadili mapendekezo haya matatu kabla ya muhula ujao, na mimi mwenyewe niko tayari kutunza vitabu vya mkopo huo bila malipo, maana kalamu yangu bado haijakauka.